Siku Kumi na Moja za Sitini na Mbili

Saa tatu asubuhi nashuka, saa kumi alasiri nashuka tena,
chini ya daraja la Igawa, malori ya Tunduma yakinguruma juu ya kichwa changu
na kudondosha vumbi la mbolea, punje za mahindi, siku moja ndala.
Rula ya chuma imesimama majini
kama mtu aliyetumwa akasahauliwa.
Nachuchumaa. Nangoja wimbi dogo litulie.
Nasoma. Naandika kwa penseli,
kwa sababu wino, waliniambia, hukimbia ukilowa;
penseli hubaki na neno lake.

Miaka tisa. Malipo yangu ya mwezi
hayanunui madebe mawili ya mchele,
na mchele wenyewe umelimwa kwa maji niliyoyahesabu.

Ndipo akaja Twilumba, kutoka chuo cha Mbeya,
buti za mpira, kompyuta ndani ya mfuko wa nailoni,
na lile pangaboi dogo la kupimia mkondo
alilolizamisha hatua kwa hatua, ukingo hadi ukingo,
akihesabu mizunguko kwa midomo
kama mfumaji wa sweta anayehesabu vitanzi.
Alinionyesha miaka yangu yote kwenye kioo:
masika yakipanda kama mgongo wa Kipengere,
kiangazi kikiteremka taratibu hadi Oktoba,
nami nikaona, kwa mara ya kwanza,
kwamba muda wote huo nilikuwa nachora.

Kisha kidole chake kikasimama.
"Baba Anyisile, hapa mto ulilala?"
Novemba ya mwaka juzi. Mstari umenyooka
kama uzi wa mwashi.
Sitini na mbili, sitini na mbili, sitini na mbili,
siku kumi na moja.

Ningeweza kusema: ndiyo, ulilala.
Mto hauna mdomo wa kunisuta.
Lakini maji hufuata mkondo, na ulimi wangu ukaufuata:
nilikuwa Chimala, hospitalini, sakafuni,
mtoto malaria imempanda kichwani,
nahesabu matone ya dripu
(hayo niliyasoma kweli, tone kwa tone, usiku kucha)
na niliporudi naye mgongoni
nikaona aibu ya kurasa nyeupe.
Nilizijaza zote kwa kukaa mara moja,
kwenye benchi la muuza chipsi.

Hakunigombeza. Ingekuwa nafuu.
Alifungua faili jingine, la zamu za mifereji:
wiki ile ofisi iliona sitini na mbili, ikasema maji yapo,
malango ya juu yakaachwa wazi,
na kule mkiani mwa mfereji
miche ya Bi Segolena ikanyauka kitaluni, haijafika shibiri.

Namfahamu Bi Segolena.
Ndiye aliyetuletea uji wodini.

Twilumba akazifuta namba zangu moja moja.
Nikamuuliza ataweka nini.
"Sitaweka kitu. Pengo ni pengo.
Tundu nikilijua lilipo nitalizunguka;
kiraka chako ningekikanyaga nikazama."

Sasa ni Oktoba. Jana arobaini na moja,
leo asubuhi thelathini na nane na nusu.
Hiyo nusu zamani nilikuwa naitupa.

Alasiri nimemkuta Bi Segolena ukingoni na ndoo,
nikamweleza habari ya zile namba, yote, hadi benchi la chipsi.
Aliitazama rula. Mimi hakunitazama.
"Soma," akasema, "nisikie."

Nikachuchumaa. Juu lori likapita,
maji yakatikisika.
Tukangoja, wote wawili, yatulie.